Paka Mwenye Koti: Mashairi ya Watoto na Kujifunza Kusoma

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi mbele ya walimu wa chekechea na wazazi, katika ukumbi wa jamii hapa Kaloleni, Nairobi. Wengi wenu hamkuweza kufika, wengine kwa kazi, wengine kwa mvua. Naiweka hapa nzima kama nilivyoisema.

Walimu wenzangu, wazazi, shosho na guka mliokuja na wajukuu wenu, hamjambo?

Kitendawili!

(Tega!)

Asanteni. Sina kitendawili cha kuwatega leo, nilitaka tu kusikia sauti zenu. Mmeitika kabla hamjafikiri. Nani aliwaandikia neno hilo ubaoni? Nani aliwaonyesha herufi zake? Hakuna. Liliingia masikioni mwenu mkiwa wadogo, pengine mmeketi karibu na jiko mkingoja chakula kiive, na mpaka leo limekaa pale pale linangoja kuitwa.

Basi nawauliza: mtoto wa miaka minne anayekuja kwetu asubuhi ya kwanza, begi kubwa kuliko mgongo wake, na kichwani ana maneno ya aina hiyo tele, tunathubutuje kusema kwamba hajui kitu?

Nimefundisha chekechea huku Eastlands kwa miaka 23. Nimekuja na neno moja tu. Mtoto husoma kwa sikio kabla hajasoma kwa jicho. Na sisi tunaosema Kiswahili tumerithi chombo cha kulifunza sikio hilo, chombo kisichouzwa dukani: mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo, na vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni.

Tuanze kwa makofi. Simameni wote, hata walioketi nyuma. Hiki ni kishairi nilichowatungia watoto wangu miaka mingi iliyopita. Kila silabi kofi moja.

Paka wetu ana koti,
Amelala kwenye kiti,
Panya kapita na buti,
Paka hata hatafuti.

Mmehesabu? Makofi manane kila mshororo. Pa-ka-we-tu-a-na-ko-ti. Nane. Na ule wa mwisho, ha-ta-ha-ta, watoto huurudia mpaka wanaanguka kwa kicheko. Ketini, asanteni.

Sasa nawaambia mlichokifanya. Mmelikata neno vipande bila kuona herufi hata moja. Mtoto anayeweza kufanya hivyo ameshavuka nusu ya mto. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, ukiacha m na n zinazosimama peke yake na maneno machache ya kukopa kama labda na daktari. Na tunaandika karibu kama tunavyotamka. Mtoto aliyekwisha kuisikia silabi ko mdomoni mwake, siku utakapomwonyesha ko ubaoni, humfunzi kitu kigeni. Unamwonyesha picha ya mtu anayemjua tayari.

Niwape kisa. Mwaka wangu wa pili wa kazi niliwapigisha watoto makofi kwa neno mtoto. Mimi nilipiga mawili. Msichana mmoja mdogo, kamasi puani, alipiga matatu. Nikamsahihisha. Akapiga tena matatu. Nikamsahihisha tena, safari hii kwa ukali, naye akaikunja mikono yake na hakupiga tena siku hiyo. Jioni, nikiwa ndani ya matatu kuelekea nyumbani, nilianza kulitamka neno lile polepole. M. To. To. Matatu! Mtoto alikuwa sahihi na mwalimu alikuwa amekosea. M ile husimama yenyewe, ni mizani kamili, mtunzi yeyote wa mashairi angeniambia hivyo. Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Walimu, tafadhali, sikio la mtoto likipingana na lako, sikiliza mara ya pili kabla hujakemea.

Chukueni neno mbuni. Ndege yule mkubwa anayekimbia ni mbu-ni, makofi mawili. Mti wa kahawa, ule uliojaa mashamba ya Kiambu, ni m-bu-ni, makofi matatu. Herufi ni zile zile tano. Jicho peke yake haliwezi kuwatofautisha. Sikio linaweza.

Watunzi wa pwani walilijua hili tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalikuja kukusanywa na kuandikwa miongo kadhaa baadaye, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor. Miaka yote hiyo kati yalikaa wapi? Vinywani mwa watu. Kilichoyashika yasimwagike ni nini? Vina na mizani. Ukisahau neno, kina kinakunong'oneza. Ukiongeza neno lisilokuwemo, mizani inakushtaki. Kamba iliyofunga mashairi ya watu wazima wa Mombasa ndiyo inayoweza kufunga silabi kichwani mwa mtoto wa Kayole.

Wataalamu wa mbali nao wameliona kwa njia yao. Uingereza, mwaka 1989, Peter Bryant, Lynette Bradley na wenzao walichapisha utafiti wa watoto 64 waliowafuata tangu wakiwa na miaka mitatu na miezi michache hadi wakapita miaka sita. Waliokuwa wanajua nyimbo za kitoto zaidi walipokuwa na miaka mitatu ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi, hata baada ya kuzingatia tofauti za akili na za hali ya nyumbani. Lakini hapa naomba tuwe waangalifu. Wale ni watoto wa Kiingereza. Katika Kiingereza, sehemu inayofanana kwenye vina huanzia irabu na kwenda hadi konsonanti inayofunga neno. Kwetu kina ni silabi nzima, ti na ti, ka na ka. Kwa hiyo tusichukue vitabu vyao vya mazoezi tukavitafsiri neno kwa neno tukadhani tumefundisha. Funzo lao kubwa ni kweli kwetu pia; mbinu lazima zitoke katika lugha yenyewe.

Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi na mashairi ni mbali kabisa." Alikuwa kondakta wa matatu, njia ya Buruburu. Alikuja mkutano wa wazazi akiwa bado amevaa sare yake ya rangi ya damu ya mzee, akakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka. Mwanawe alikuwa amemaliza mihula miwili bila kushika chaki. Nikamwuliza, baba, ukiwa steji unaitaje abiria? Akaona haya. Nikamsihi. Akasimama, akakohoa, akaita:

"Tao mbao! Tao mbao! Tao mbao!"

Kila mtu wa Nairobi anajua maana yake: mjini kwa shilingi 20. Darasa zima lilicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshafika ubaoni. Nikaandika ta-o, mba-o. Yule mtoto, ambaye siku zote alikaa amejikunyata, aliinuka mwenyewe. Ilikuwa sauti ya baba yake ile! Akapiga makofi manne. Nikafuta ta nikaandika cha. Akasoma: chao. Nikafuta, nikaandika ya. Akasoma: yao. Nikaandika za. Zao. Aligeuka kumtazama baba yake, na baba yake alikuwa ameinamisha uso.

Tangu siku ile mzee yule alimwogesha mwanawe kwa majina ya steji. U-mo-ja, makofi matatu majini. Bu-ru-bu-ru, manne. Ka-yo-le. Ma-ka-da-ra. Na Ka-ri-o-ba-ngi, matano, maji yote yako sakafuni. Alikuja kuniambia mke wake analalamika kuhusu sakafu. Nikamwambia apanguse, aendelee.

Wazazi, msiseme hamjui mashairi. Mama anayepanga mafungu ya nyanya sokoni ana mwito wake. Fundi ana wimbo wake wa randa. Watoto wenyewe wakicheza kati au brikicho huko nje wanahesabu kwa mapigo. Tunaingia darasani tunafunga mlango, tunayaacha yote hayo nje, halafu tunashangaa mbona ndani kumekuwa kimya.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na hapa nitakaa kidogo.

Kukariri si kusoma.

Narudia, kwa sababu najua shule zetu na najua siku za wageni: kukariri si kusoma.

Nilikuwa na mvulana wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, mwenye sauti kama kengele. Alisimama mbele ya wageni, bango limetundikwa, akalisoma shairi lote kuanzia mshororo wa kwanza hadi wa mwisho. Wageni wakapiga makofi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesimama mahali pa kuyaona macho yake. Macho yalikuwa dirishani, yakifuata tiara ya karatasi iliyokuwa ikipepea juu ya mabati ya jirani. Hakulitazama bango hata mara moja. Wageni walipoondoka nilimwita nikamwambia, nionyeshe neno kiti. Akaonyesha picha ya kiti. Nikamwambia, neno lenyewe, mwanangu. Akaanza shairi tena tangu mwanzo, kwa sauti ile ile nzuri.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimelifunza sikio lake, nikaliacha jicho yatima.

Tangu hapo kishairi chochote darasani mwangu hupita njia moja. Wiki ya kwanza hakuna bango. Tunaimba, tunapiga makofi, tunaruka, tunaigiza paka na panya. Mtoto lazima aonje shairi mpaka liwe lake. Kisha bango linakuja, karatasi ya manila na kalamu nene, herufi kubwa, na kidole kinatembea chini ya kila neno wakati tunaimba. Kidole ndicho daraja kati ya sikio na jicho. Kisipotembea, mtoto atatazama tiara.

Baadaye nafunika neno moja kwa kiganja. Panya kapita na... Nanyamaza. Watoto wanapiga kelele: buti! Nainua kiganja, lipo. Furaha yao hapo ni kubwa, kana kwamba wamelifukua wenyewe kutoka ardhini, na kwa kweli wamelifukua wenyewe.

Siku nyingine nawadanganya makusudi. Naandika Paka wetu ana goti. Nangoja. Anayesoma kwa kukariri ataimba koti bila kushtuka. Anayetumia macho atasimama: "Mwalimu, umekosea!" Nimekosea wapi? Njoo unionyeshe. Anakuja, anaweka kidole juu ya go. Hapo najua. Sihitaji mtihani mwingine.

Halafu vizibo vya soda. Kila mtoto ana kizibo cha ti, kimeandikwa kwa rangi nyekundu. Nawagawia ko, ki, bu, ka, sha. Weka ko mbele ya ti, una nini? Koti. Toa ko, weka ki. Kiti. Buti. Kati. Shati. Maneno matano kutoka kwa kina kimoja, na mtoto ameyajenga kwa mikono yake, juu ya mkeka, bila kitabu cha bei. Mwaka juzi kulikuwa na mtoto mmoja aliyetafuta kizibo cha m peke yake, akakiweka mbele ya ti, akaniita. Mti. Sikuwa nimemfundisha.

Wenye darasa la watoto 60 mnaniuliza itawezekanaje. Najua, nimekuwa nao 60 na zaidi. Makofi hayajali idadi. Kidole cha bango ni kimoja kwa wote. Vizibo, wagawe vikundi na wapokezane. Barazani na kwenye vioski havikosekani.

Niseme haraka mambo mawili kabla sijasahau. Mtoto ambaye kwa muhula mzima hashiki mapigo hata kidogo, usimwite mzito. Mwambie mzazi ampeleke akaguliwe masikio. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa akitokwa usaha masikioni miezi mingi na sote tulidhani ni mkaidi. Jambo la pili ni simu. Katuni za simu zinaimba vizuri, lakini haziwezi kunyamaza kabla ya neno la mwisho zikamngoja mtoto alilete. Mama anaweza. Kaka mkubwa anaweza. Mtoto hujifunza ndani ya ule unyamavu.

Na lugha je? Kuna shule moja ya binafsi niliyofundisha, sitaitaja, ambapo niliitwa ofisini nikaambiwa niache vishairi vya Kiswahili kwa sababu wazazi wanalipa karo wasikie Kiingereza. Watoto wale wa miaka mitatu waliimba juu ya theluji. Waliimba juu ya madaraja na wanyama ambao hawajawahi kuwaona, na kwa kuwa hawakujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, waliunganisha yote kuwa mlio mmoja mrefu. Ukimwuliza mtoto umeimba nini, anakutazama tu. Sikio lake lingekata vipi vipande vya kitu asichojua kina vipande?

Mimi sipingi nyimbo za Kiingereza. Watoto wa Nairobi watahitaji Kiingereza, na vina vya Kiingereza vitawasaidia katika Kiingereza. Napinga kuanzia mahali ambapo mtoto hana pa kushika. Ripoti ya Gachathi, ile ya kamati ya kitaifa ya elimu, ilishasema mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa na wengi katika eneo la shule. Katika mitaa yetu hii yenye watu wa kila pembe ya nchi, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Imepita karibu nusu karne. Mwalimu anayeimba Kiswahili na PP1 asiitwe ofisini kujitetea.

Wala tusiwacheke watoto kwa lafudhi za nyumbani. Katika darasa moja nina anayechanganya l na r, nina anayesema samba badala ya shamba. Lugha ya mama ndiyo iliyowapa masikio waliyo nayo. Wapeni mchezo wa ulimi:

Kula si kura, kura si kula,
Aliyekula apige kura.

Wakiusema mara kumi huku wakishindana, l na r zitatengana zenyewe, na hakuna mtoto atakayekuwa ameaibishwa.

Namalizia kwa shosho mmoja. Hayuko hapa leo, na ameniruhusu nisimulie.

Anaishi Korogocho na mjukuu wake wa kike. Anafua nguo za watu. Hakwenda shule, siku ya kumwandikisha mtoto alitia kidole gumba kwenye wino, kisha akakificha kile kidole ndani ya leso. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu nitamsaidiaje na mimi sijui kusoma?" Nikamwambia, shosho, wewe imba naye tu. Nikamsomea Paka wetu ana koti. Alilishika kwa kulisikia mara moja. Mara moja! Watu ambao hawakuandika maisha yao yote wana kumbukumbu ambayo sisi wenye madaftari tumeipoteza. Nikampa nakala ya bango, akaenda akalitundika kwenye ukuta wa mabati, juu ya kitanda.

Miezi mitatu wakaliimba kila usiku. Kidole cha shosho kilitembea chini ya maneno kama nilivyomwonyesha, ingawa hakujua kidole kiko juu ya neno gani.

Mwezi wa saba, jioni ya baridi kali, nilipita kuwasalimu. Nikakaribishwa chai. Mtoto akasema tumwimbie mwalimu, na wote wawili wakapanda kitandani, wakaligeukia bango. Shosho akaanza, kidole chini. Paka wetu ana koti. Kisha akaendelea, "Amelala juu ya kiti." Mimi nilisikia mizani imezidi moja, lakini nikanyamaza, maana ni ile ile.

Mtoto hakunyamaza. Alisema, "Shosho, ngoja. Hapa hawajaandika juu ya."

Shosho akacheka. "Wameandika nini basi?"

Yule mtoto akakishika kidole cha nyanya yake, kile kile cha wino, akakirudisha nyuma kidogo, akakiweka chini ya neno.

"Kwe," akasema. Akakisogeza. "Nye."